Jinsi ya kuinjoi movi ya kuchinjana ya bajeti ndogo msimu wa Halloween, ukiwa hapahapa Mtwara

Mwisho wa mwezi wa kumi huku kwetu unaujua ulivyo, kusi limeshakata, mvua bado, joto linaanza kubana, mabibo yamezagaa chini ya mikorosho mpaka harufu yake inaingia ndani, na jua linazama kwenye saa kumi na mbili na robo hivi, ikifika saa moja giza tupu. Wenzetu wa Marekani ndo wakati wao wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, watoto wanavaa vinyago wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, alafu usiku wakubwa wanakaa na movi za kutisha. Hiyo ya pipi tuwaachie wenyewe. Hiyo ya movi mimi naifanya kila mwaka, mwaka wa saba huu, na ni movi za aina moja tu, zile za kuchinjana zilizotengenezwa kwa hela za kuungaunga, wenyewe wanaziita slasha. Watu wengi wakikutana nazo wanarusha mbele, ooh damu feki, ooh hawajui kuigiza, na mimi inaniuma kwa sababu najua hawajaonyeshwa namna ya kuziangalia. Basi kaa hapa nikuonyeshe.

Kwanza ujue unaenda kuangalia nini. Hadithi ni ileile kila siku na ndo raha yake. Zamani kulitokea kitu kibaya, mtu alionewa, au mtoto alizama watu wakiwa wanajiangalizia mambo yao. Miaka ikapita. Sasa kuna vijana wanaenda kulala palepale, kambini au nyumba ya msituni, na kuna mtu kavaa kinyago ana kisu, anawamaliza mmoja mmoja. Anatembea taratibu, hakimbii ata siku moja, na bado anamfikia anayekimbia. Mwisho anabaki binti mmoja anayepambana naye. Sisi tuliozoea stelingi anajulikana toka kava, hapa stelingi unamgundua katikati ya safari, ni yule dada mpole aliyekuwa anaangalia dirishani wenzake wakicheka. Msomi mmoja wa Marekani, Carol Clover, mwaka 1987 akampa jina kabisa, msichana wa mwisho, na jina likashika mpaka leo.

Alafu hela. Ukielewa habari ya hela umeelewa nusu ya utamu. Mama wa movi hizi zote kwa kweli ni ile inayoitwa Halloween yenyewe, ya dairekta John Carpenter, ya mwaka 1978. Walikuwa na dola laki tatu na kidogo tu, ambayo kwa movi za Marekani ni hela ya nauli. Kile kinyago cheupe kinachotisha dunia nzima walikinunua dukani kwa chini ya dola 2, kilikuwa sura ya William Shatner, yule nahodha wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe wakatanua matundu ya macho basi. Aliyekivaa muda mwingi alikuwa rafiki wa dairekta, Nick Castle, analipwa dola 25 kwa siku. Hadithi ni ya mwezi wa kumi majani yanapukutika, wao wanashuti California mwezi wa tano miti yote kijani, wakachukua majani wakayapaka rangi ya kukauka, wanayamwaga barabarani, wakimaliza kushuti hapo wanayazoa wanaenda kuyamwaga kwingine. Muziki dairekta kaupiga mwenyewe. Ikaja kuingiza kama dola milioni 70 dunia nzima, na hapo kila mwenye kamera na binamu anayejua kupiga kelele akasema ata mimi naweza. Hao ndo tunaowaangalia sisi. Wajukuu wa ile movi, wenye hela kidogo kuliko ata yeye, na miaka ya themanini mikanda ya video ilipoingia majumbani wakajaa kama uduvi.

Sasa kwanini mtu wa Mtwara zimguse. Nimekaa nalifikiria hili miaka na jibu langu ni mapiko. Tuliokulia na Wamakonde tumeyaona, lipiko linatoka, mtu kafunikwa nguo mwili mzima, kichwani kinyago cha mti kimechongwa sura ya mtu, kingine kimebandikwa ata nywele za kweli, ngoma inabadilika, na watoto mbio. Mimi nilijificha nyuma ya bibi. Nilikuwa najua kabisa ndani mle kuna mtu, mtu mzima wa kijiji kilekile, pengine asubuhi alinituma maji. Najua na bado nakimbia, na nikishakimbia narudi kuchungulia. Sasa slasha ni hivohivo. Unaona kabisa damu ni rangi, unaona kinyago ni cha dukani, na bado ukiona mlango unafunguka taratibu unavuta miguu juu ya mkeka. Huo uwezo wa kujua na kuogopa kwa pamoja ni kitu kizuri sana tulichonacho, na movi ya bei ndogo ndo inauamsha vizuri kuliko ya gharama, kwa sababu ile ya gharama inakulazimisha uamini, hii inakuomba uisaidie. Ukikubali kuisaidia umeshaipata.

Kuchagua. Nenda kwa vijana wanaoweka movi kwenye flashi, au kama unashusha mwenyewe tumia bando la usiku, ila usiseme tu nipe ya kutisha, watakupa za majini na za mazombi. Sema nataka ya kuchinjana, ya zamani, ya mtu mwenye kinyago. Angalia urefu, dakika 80 mpaka 90 ndo kipimo, ikipita masaa mawili huyo dairekta alikuwa na hela za kuchezea. Angalia kava, kama limechorwa kwa mkono na linavutia kuliko movi yenyewe inavyoweza kuwa, chukua. Kama imerekodiwa na kamera ya video ya nyumbani, picha inacheza rangi, chukua kwa mikono miwili. Ila angalia kitu kimoja, kuna movi za bei ndogo ambazo ni ukatili mtupu, mtu kafungwa anateswa saa nzima, hizo sio hizi. Utazijua ndani ya dakika kumi, kwenye slasha ya raha vijana wanapewa muda wa kutaniana na kupendana, unajua majina yao, wakifa unasikitika kidogo. Kama hujapewa ata jina la mtu, toa flashi.

Na swali la DJ, yule anayeitafsiri movi kwa sauti yake. Tuliokulia kwenye vibanda umiza masikio yetu bado yana sauti ya DJ Lufufu, na najua kuna watu movi bila DJ kwao haijaiva. Mimi kwa slasha nasema hapana, chukua isiyotafsiriwa. Sababu ni kwamba movi hizi zinaishi kwa ukimya, dakika nzima mtu anatembea korido hamna kinachotokea, na DJ akijaza pale pameharibika. Maneno yenyewe ni machache, aliyesoma kidogo anawaambia wengine, na kazi ya DJ mnaigawana wenyewe mliokaa, nitaifikia.

Watu wa kuwaita wawe sita saba. Peke yako hainogi, na ishirini mtapiga stori za bei ya korosho. Hakikisha kuna mmoja mwoga wa kweli, huyo ni zaidi ya sabufa. Kama kuna aliyeshaiona mwambie mapema kabisa, kaka naomba ufunge mdomo leo. Watoto wasiwepo, hili silitanii, walale kwanza ndo mwashe, na sio mtoto anazugazuga mlangoni na nyie mnajifanya hamjamuona. Na kitu kingine nakisema kwa uzito. Huku kwetu mto Ruvuma uko karibu. Toka 2017 ng'ambo pale Cabo Delgado, Msumbiji, watu wamefanyiwa kwa kweli yale tunayoangalia kwa kuigiza, na wapo waliokimbilia huku, wapo wenye ndugu zao kule. Ukimwalika mtu muulize kwanza taratibu, pembeni, na kama ndivyo badilisha mpango kabisa, wekeni vichekesho, Halloween itarudi mwakani.

Sehemu nzuri ni uani. Projekta ya kukodi na shuka jeupe lililonyooshwa vizuri kwenye kamba, lifungwe na chini maana upepo ukilipuliza muuaji anakuwa na tumbo. Kama hamna projekta, tivii ya inchi 32 itoe nje iweke juu ya meza, kaeni karibu mkekani, inatosha kabisa. Anza saa mbili na nusu, watu wameshaswali isha, wameshakula, mtaa umetulia. Sauti isiwe kubwa. Nimejifunza kwamba kelele ya mwanamke anayeomba msaada ikisikika saa nne usiku jirani anatoka na panga kuja kusaidia, na yuko sahihi, kwa hiyo wapitie majirani jioni uwaambie, shikamoo mama, leo tutakuwa na movi, mkisikia makelele ni ya kwenye tivii. Ukiwaambia hivo nusu yao watakuja na stuli zao. Chaji laptopu ijae, chaji sabufa ya blututh, umeme ukikatika mwendelee. Washa dawa ya mbu mbili, moja nyuma moja mbele. Na taa ya choo cha uani iwashe kabisa toka mwanzo uiache inawaka, ikifika katikati ya movi utaelewa kwanini.

Chakula kiwe cha mkono, kisichohitaji kuangalia sahani. Korosho za kukaanga lazima, msimu ndo huu na hamna mahali duniani wanaangalia Halloween na korosho mpya za wiki hii kama sisi. Mihogo ya kukaanga na pilipili, pweza kama umepita feri jioni. Cha kunywa mimi naweka juisi ya choya kwa makusudi, nyekundu ile kwenye glasi inaendana. Mabibo yenye chumvi sawa, ila mtu asije na shati jeupe, doa la bibo halitoki, afadhali ata damu.

Na hapo kwenye damu ngoja nisimame kidogo, maana hii ukiijua macho yako yanabadilika. Damu ya movi za miaka ile ilikuwa sharubati nzito ya mahindi na rangi ya chakula. Kwenye ile sini ya bafuni ya movi ya dairekta Hitchcock ya mwaka 1960, Psycho, kwa vile ilikuwa nyeusi na nyeupe, walitumia sharubati ya chokoleti, na mlio wa kisu waliupata kwa kuchoma tikiti. Unaweza kutengeneza ya kwako jioni hiyohiyo, chemsha sukari na maji mpaka ivute kama asali, weka rangi nyekundu ya chakula, alafu kakao kidogo sana iondoe ule wekundu wa soda. Mpe kila mgeni apake kidogo kwenye kiganja. Kuanzia hapo kila damu ikitokea kwenye shuka watu wanabishana, hiyo imezidi maji, hiyo kakao hamna, hiyo safi kabisa hiyo, na unakuta mnaiangalia movi kama mafundi wanavyoangalia ukuta wa mwenzao.

Movi ikianza, simu zikae chini kifudifudi. Wakishatokea vijana wote, kwa kawaida dakika ya kumi na tano hivi, simamisha. Kila mtu achague nani atakufa wa kwanza na nani atabaki, aweke kiganja cha korosho katikati. Aliyepatia anachukua. Hii inafanya kitu kikubwa kuliko inavyoonekana, maana ghafla una mtu wako mle ndani, unamlinda, akisema ngoja nikaangalie nje unasimama kabisa, usitokeee!

Na muongee. Hii ndo ile kazi ya DJ niliyosema. Msikae kimya kama mko msibani. Sisi tumefundishwa hadithi ina mwenye kusema na wenye kuitikia, paukwa, pakawa, bila pakawa hadithi haiendi. Movi kubwa haikuachii nafasi ya kuitikia, hii ya bajeti ndogo imejaa nafasi, kila ukimya ni wako. Mwambieni asiingie stoo. Mwambieni muuaji yuko nyuma ya pazia, viatu vinaonekana. Ila kuna ukimya mmoja muuheshimu, ule wa mwisho, binti kabaki peke yake kajificha kabatini anazuia pumzi. Hapo nyamazeni wote mzuie naye.

Fungueni macho kwa mikono ya waliotengeneza. Angalieni kisu kinapopanda, picha inakatwa, tunaona uso wa mtu, alafu kisu kimeshashuka, yaani hakijamgusa mtu popote, umekichoma wewe mwenyewe kichwani mwako. Angalieni muuaji anavyoangalia kwa macho ya kamera, tunapumua naye nyuma ya kinyago, ile ni njia ya kuokoa hela, hulipi mwigizaji wala kinyago wakati huo, na ndo ikawa staili ya kutisha kuliko zote. Angalieni usiku ambao ni mchana uliotiwa bluu, vivuli vimekaa chini ya watu kama saa saba adhuhuri. Maiki ikichungulia juu shangilieni. Mimi nikiona maiki nafurahi kutoka moyoni kwa sababu nakumbuka kuna kijana kashika ule mti wa maiki masaa kumi, mkono unatetemeka, hajalipwa, na anataka movi hii itoke. Chekeni, chekeni sana, ila mcheke kama mnavyomcheka mdogo wenu aliyecheza ngoma vibaya mbele ya watu na akamaliza. Mkianza kucheka kwa dharau usiku unakuwa mchungu, nimeuona, mtu mmoja tu wa dharau anatosha kuwazima wote.

Mwaka juzi tuliiweka ile ya mama yao, ya 1978, na bibi yangu akasema hana usingizi atakaa. Nikaona aibu kidogo, nikamwambia bibi hii ni ya kuuana. Akasema mjukuu wangu mie nimezaa watoto tisa, damu ya tivii itanifanya nini. Akakaa mkekani na kanga yake, anamwita yule binti mwanangu. Mwanangu usipande ngazi. Mwanangu chukua hicho kisu usikiache hapo. Yote aliyavumilia, isipokuwa pale binti anakimbilia nyumba ya jirani, anagonga anapiga kelele nisaidieni, taa inawaka, mtu anachungulia dirishani, alafu anafunga na taa anazima. Bibi akanishika mkono. Wamemfungia? Nikasema ndio bibi. Wamemuona na wamemfungia? Akanyamaza, alafu akasema kumbe hicho ndo kinachotisha, sio huyo wa kinyago, huyo wa kinyago mtaani kwetu angepiga hatua ngapi? Na kweli, hapa Magomeni yetu ya Mtwara ukipiga yowe moja mtaa mzima uko nje, kina mama wa mbele na michi. Toka siku hiyo kila slasha nikiiangalia naanza kwa kutafuta majirani wako wapi. Mara zote hawapo. Kambi iko mbali, simu imekatwa, nyumba ya pili imefunga mapazia. Waandishi wake ata kama hawakuwa na hela walijua wanaogopa nini. Mwekeni mtu mzima mmoja kwenye kikao chenu, niamini, anaona vitu ambavyo nyie hamvioni.

Muuaji akidondoka msinyanyuke. Hajafa. Mara ya kwanza huwa hajafa, ya pili ndo labda. Na ata majina yakianza kupanda kaeni bado, wengi wanaweka mshtuko mmoja wa mwisho palepale mnapoanza kukung'uta mikeka, na mwoga wenu aliyekuwa kajikaza dakika 85 anaachia yowe lake lote hapo.

Baada ya hapo ni kugawana korosho zilizobaki na kupigia kura, nani kafa vizuri, damu ipi ilikuwa na kakao. Msiruke moja kwa moja kulala, wekeni kitu chepesi dakika kumi, muziki wowote, mpaka mabega yashuke. Alafu wasindikize wageni, wote pamoja kwa tochi moja, wa mbali kwanza. Njiani kutakuwa na mtu anageuka nyuma kila hatua tano, mpe nafasi ya katikati. Ukirudi utakuta foleni ya waliolala kwako mlangoni pa uani, wamesimama wanaangalia ile taa ya choo uliyoiacha inawaka, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe.